Vizibo Viwili Vilivyochomolewa

Asubuhi hiyo Redio alifika kijiweni bila salamu, na Redio akikosa salamu ujue ana habari inamchoma mdomo. Kijiwe chenyewe ni benchi moja mbele ya duka la Mkasi, fundi cherehani, na meza ya drafti ambayo mguu wake mmoja umekalia tofali.

"Jamani, mmesikia? Daktari kasema leo hewani, wanaooana ndugu wa damu wakapimwe kabla ya kubeba mimba. Kuna magonjwa watoto wanazaliwa nayo, na mimba nyingine hazifiki."

Spana, fundi pikipiki, hakuinua macho kwenye drafti. "Daktari huyohuyo aliyetukataza chumvi?"

"Huyohuyo."

"Basi ana ugomvi na raha za watu. Kuoa binamu ni raha tupu! Mama mkwe ni shangazi yako, alishakuchapa utotoni, hana jipya. Harusini unaalika ukoo mmoja, viti vinabaki. Mke akinuna akarudi kwao, kwao si ndiyo kwenu? Unaenda kusalimia, unamkuta sebuleni kakukalia kiti!"

Benchi zima likaangua kicheko. Mkasi naye alicheka, ila alichelewa kuanza na akawahi kumaliza, kisha akarudi kwenye cherehani kushona suruali ya Spana iliyochanika. Mfuko wa shati lake ulikuwa na karatasi ya kliniki, ya pili sasa, inayomtaka mkewe aje na mume. Mimba ilikuwa ya miezi minne. Na mke huyo, ambaye kijiwe kizima kiliambiwa katoka mbali sana, alikuwa binti wa shangazi yake, dada wa baba yake, tumbo moja.

Kwao wazee walibariki, hakuna aliyeguna. Alichoogopa Mkasi ni midomo ya benchi hili. Na kulikuwa na hofu nyingine ambayo hakuwahi kumwambia mtu: mdogo wa mkewe alifariki kwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, akiwa na miaka tisa, na Mkasi mwenyewe ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kumpeleka hospitali siku za maumivu. Kila alipoambiwa twende kliniki, alijibu ana sare za shule za kumaliza. Shule zenyewe zilikuwa zimefungwa.

"Spana, lete hivyo vizibo vya drafti," alisema Mama Birika, muuza kahawa.

"Mama, ndiyo kwanza nashinda!"

"Umefungwa tangu jana. Lete."

Akavipanga vizibo vinane kwa mstari. "Mtoto ana wazazi wawili. Ana mababu na mabibi wanne. Wazazi wa hao ni wangapi?"

"Wanane," alidakia Redio.

"Ndio hawa. Huyu ni mtoto wa watu baki. Sasa wazazi wake wakiwa mabinamu, babu na bibi yao wa upande mmoja si ni walewale?" Akachomoa vizibo viwili. "Wamebaki sita. Nafasi za hawa wawili zimechukuliwa na wenzao, ambao wanahesabiwa mara mbili."

"Si afadhali? Majina ya kukariri yamepungua!" Spana alisema.

"Nyamaza wewe." Akachukua chaki ya Mkasi, akakitia alama kizibo kimoja. "Bibi huyu ana ugonjwa umejificha kwenye damu. Haumuumi, wala hajui. Anamwachia mwanawe wa kiume, anamwachia na wa kike. Unashuka njia mbili, kila njia kimyakimya. Siku mtoto akiupokea kwa baba na akaupokea tena kwa mama, hapo ndipo unaamka."

"Kwa hiyo wote wanaumwa?" Mkasi aliuliza, haraka mno kwa mtu anayeshona.

"Wapi! Wengi wanazaliwa wazima kabisa. Nimefagia wodi ya wazazi miaka ishirini, madaktari walikuwa wanaongea kama sipo. Watoto mia wa watu baki, kama watatu hivi wana kasoro kubwa. Mia wa mabinamu, watano, sita. Ila ukoo wenye ugonjwa unaojulikana usibahatishe. Pima."

Mkasi akakohoa. "Nina rafiki yangu..."

"Ehee!" Spana akageuka mzima mzima. "Rafiki! Anaitwa nani?"

"Humjui. Mkewe ni mjamzito tayari. Akipima sasa si kachelewa?"

"Hajachelewa," Mama Birika alisema. "Wakijua mapema, wanajua wamzalishe wapi, na mtoto anaanza kutibiwa akiwa bado mchanga, kabla hajaumwa."

"Huyo rafiki anashona shona hivi?" Spana aliichomoa suruali yake chini ya sindano, akaiinua juu. Miguu yote miwili ilikuwa imeshonwa pamoja, kwa uzi wa nguvu, kutoka gotini hadi chini. "Fundi, mimi natembea au naruka kama chura?"

Walicheka hadi kahawa ikamwagika. Mkasi alitamani ardhi immeze. Bado walikuwa wanapangusa machozi pale mkewe alipotokea kona ya mtaa, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika daftari la kliniki.

"Shemeji, karibu!" Spana alipiga kelele. "Njoo uone mumeo alivyonifanya!"

Hakumjibu. Alisimama mbele ya cherehani, akamtazama Mkasi kama alivyokuwa akimtazama zamani uani kwa bibi, wakigombania bembea.

"Binamu," alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwa kinyozi wa jirani. "Majibu yangu yametoka. Ninayo selimundu, imejificha. Imebaki damu yako. Nimeenda peke yangu mara mbili, na sitaenda ya tatu."

Redio alisogea mbele ya benchi asipitwe na neno.

"Na wakinikuta nayo?" Mkasi aliuliza.

"Ukikaa hapa na suruali za watu itatoka?"

Mkasi akavua futi yake ya kupimia shingoni, akaitundika, akavuta mlango wa duka.

"Mkasi," Spana alinong'ona, suruali mkononi, "huyu... ni binamu yako?"

"Ni binamu yangu. Ni mke wangu. Na nimemchelewesha wiki tatu."