Radi na Pedali Zake

Jumatatu, 3 Machi

Imefika! Imeletwa asubuhi ndani ya boksi refu kama jeneza, lakini kilichomo ni uhai mtupu. Baiskeli ya umeme yenye umbo la pikipiki: tandiko pana la watu wawili, taa ya mbele kama jicho la bundi, vioo viwili vya pembeni, betri chini ya tandiko, ubao wa kuwekea miguu, na pedali ubavuni. Rangi yake ni buluu, ile ya wino wa kalamu za zamani. Nimeipa jina: Radi.

Mama watoto alitoka jikoni akijifuta mikono. Akaizunguka Radi kama nilivyokuwa nikizunguka madarasa nilipokuwa mkaguzi wa shule. Kisha akauliza viti viko wapi. Nikamkumbusha kwamba akiba ile tuliiweka kwa ajili ya mahitaji ya nyumba, wala viti havikutajwa kwa jina. Naye akanikumbusha kwamba kochi letu lina springi inayomfinya kila mgeni anayelikalia. Nikasema mgeni aliyefinywa hakai sana, na hiyo nayo ni faida. Hakucheka. Hajacheka muda mrefu, na nikiuliza, sababu huwa ni mimi.

Hukumu ilitolewa wakati wa chakula cha mchana. Jumamosi atakwenda kwa dada yake mkubwa, kule kilimani. Radi ikimfikisha kwa heshima, inabaki. Isipomfikisha, Jumapili inauzwa kwa jirani na viti vinanunuliwa. Jirani ameingiaje? Alikuwa ameshachungulia juu ya ukuta na kusema ataichukua hata leo.

Ni dereva mstaafu wa malori. Mtaa mzima unamwita Gia Nne, kwa sababu hata akitembea kwa miguu hunguruma kwa mdomo anapokata kona. Alinieleza kwamba radi isiyo na ngurumo ni taa tu.

Wivu. Nimeyakubali masharti. Sijawahi kufeli mtihani. (Ule wa ushonaji hauhesabiwi.)

Jumanne, 4 Machi

Nimeendesha! Barabarani hasa, kutoka langoni kwetu hadi sokoni na kurudi. Unazungusha mkono wa kulia kidogo tu, na mtaa wote unaanza kukujia. Upepo shingoni. Tai begani. (Nilivaa tai. Barabara ni mahali pa umma.)

Radi haitoi sauti yoyote. Jambo hili ni kubwa kuliko nilivyotarajia. Nilimpita mwenye duka la dawa akiimba peke yake, na anaimba vibaya. Nikapita nyuma ya fundi cherehani na Gia Nne wakiongea barazani. Hawakugeuka. Nikapunguza mwendo nikasikia kila neno. Gia Nne alikuwa akieleza kwamba Mkaguzi ataanguka kabla ya Ijumaa, na kwamba yeye ameshafagia mahali pa kuiegesha Radi, kando ya tangi lake la maji. Fundi akauliza itakuwaje asipoanguka.

"Yule?" akasema Gia Nne. "Ataifanyia ukaguzi mpaka ife."

Nikapiga honi. Mmoja alirukia kushoto, mwingine kulia. Nimecheka hadi nyumbani.

Kero moja tu: pedali. Mota inafanya kazi yote, nazo zimekaa tu ubavuni kama wageni wasiotaka kuondoka. Leo ya kushoto imenichania suruali ya kijivu, tena kwenye mkunjo wa pasi. Nimezifungua zote mbili pamoja na mikono yake ya chuma, nikazitumbukiza kwenye ndoo ya sabuni. Sasa Radi ni laini ubavuni kama samaki.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Gia Nne amekuja mwenyewe, amevaa ule uso wa mtu aliyebeba habari mbaya za mwenzake. Kwenye njia panda ya kilimani kuna trafiki, mwanamke mwenye glavu nyeupe, na nyuma yake limeegeshwa lori la kubebea vyombo vilivyokamatwa. Amri ni hii: chombo cha umeme chenye pedali ni baiskeli, kipite salama. Kisicho na pedali ni pikipiki: kiwe na namba, na mwendeshaji awe na leseni na kofia ngumu. Sina hata kimoja.

Nikamjibu kwa utulivu kwamba Radi ni baiskeli tangu kuzaliwa. Akainama, akatazama ubavuni, akauliza pedali ziko wapi. Nikamwambia ziko likizo.

Nimekimbilia ndoo. Zimetoka zikinukia sabuni. Nilipoanza kuzifunga nikaitazama picha kwenye boksi, na hapo nikaligundua kosa. Pedali moja iko juu, nyingine iko chini! Kazi ya kiwanda, ya haraka haraka, na hakuna aliyekagua! Miaka yote ya utumishi wangu niliwarudisha nyumbani watoto waliovaa soksi moja juu na nyingine chini. Je, nilivumilie hilo uani kwangu?

Nimezisawazisha. Zote mbili sasa zinatazama chini, bega kwa bega, kama wanafunzi mstarini. Nilirudi nyuma nikaitazama kazi yangu. Safi kabisa.

Gia Nne alikuwa ukutani akitazama. Alifungua mdomo, akaufunga, akanipongeza. Ndiyo pongezi ya kwanza tangu ahamie hapa. Kisha nikasikia anafagia tena kando ya tangi.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi. Haitoshi kuwa na pedali. Ni lazima uonekane ukizipiga. Mpango wangu ni mwepesi: mota inavuta, mimi nazungusha miguu kwa ajili ya macho ya serikali.

Tatizo lilijitokeza kabla sijafika langoni. Pedali zikiwa chini, hubaki chini. Ukikanyaga, haziendi popote. Ukiinua miguu, inainuka peke yake. Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mimi nilitafuta mipira ya tyubu nikafunga viatu vyangu kwenye pedali. Kumbe! Sasa nikivuta miguu, zinakuja nayo. Magoti yote mawili yanapanda hadi kidevuni kwa pamoja, kisha yanashuka kwa pamoja. Inahitaji tumbo imara, lakini inapendeza kwa mpangilio wake.

Nikaelekea njia panda. Watu walisimama barabarani kunitazama. Mama mmoja alimgeuza mtoto wake uso ili aone vizuri. Trafiki aliniona kutoka mbali, akainua glavu kunisimamisha. Nikasimama mara moja, kama raia mwema.

Hapo nikakumbuka kwamba miguu yangu imefungwa.

Hatukuanguka. Napenda hili liwe wazi. Tuliegemea, polepole sana, kwenye mkokoteni wa machungwa, nao ukatupokea. Trafiki alikuja akapiga magoti, akanifungua mipira, mmoja baada ya mwingine. Hakuniuliza chochote. Alikuwa ameuma mdomo, macho yamejaa machozi, akanipungia tu mkono niende. Nadhani alishikwa na huruma kuona mzee anavyojitahidi kutii sheria.

Mtihani umepita. Jumamosi sitahitaji hata kujifanya, kwa kuwa tayari ananijua.

Gia Nne ameuliza kama nimeanguka. Nikamwambia kuegemea si kuanguka.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya vita vya umeme. Nyumba hii ina soketi moja tu inayoaminika, ile ya sebuleni, nyuma ya kochi. Asubuhi nikachomeka chaja ya Radi. Mama watoto akaja na gauni lake la kutembelea, akachomoa chaja, akachomeka pasi. Nikangoja aende jikoni, nikachomoa pasi. Akarudi, akachomoa chaja. Saa nzima mmoja anaingia mwingine akitoka, kila mmoja akijifanya amepita tu.

Mwishowe nikatumia akili. Nikamwambia gauni tayari limenyooka mno, litaonekana geni. Akasema kesho akifika kwa dada yake na mikunjo, atasema aliletwa na nani.

Nikaiachia pasi soketi.

Betri inaonyesha nusu. Nimeketi nikapiga hesabu, na matokeo yanafurahisha. Nusu ni ya kwenda. Kurudi ni mteremko mtupu, hakuhitaji umeme. Kwa hiyo betri ya nusu, kwa safari hii, ni betri kamili! Nashangaa watengenezaji hawakuliona hili. Wangetengeneza betri ndogo.

Jumamosi, 8 Machi

Tuliondoka na jua. Mama watoto amevaa gauni lisilo na mkunjo, mkoba umelazwa mapajani, mkono mmoja umeshika tandiko na siyo mimi. Mtaa ulitoka kututazama. Fundi cherehani alisimamisha mashine. Gia Nne alikuwa langoni kwake, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kupokea mzigo wake.

Mwanzoni, mwinuko ukiwa bado mdogo, tulikwenda kama ndege! Barabara ya sokoni, ukuta wa shule, daraja. Nikasikia nyuma yangu mama watoto akisema kwamba upepo ni mzuri. Nikaomba arudie. Akasema nitazame mbele. Lakini alilisema! Na mkono wake ukahama kutoka kwenye tandiko ukashika mkanda wangu.

Kisha kilima kikaanza. Radi ikapunguza mwendo. Nikazungusha mkono hadi mwisho, ikapunguza zaidi. Mtu anayesukuma toroli la matofali alitusalimia, akatupita. Alama ya mwisho ya betri ikapepesa, ikapepesa, ikazimika. Tukasimama katikati ya njia panda, mbele ya glavu nyeupe, kando ya lori la vyombo vilivyokamatwa.

Trafiki akatusogelea. Akamwamkia mama watoto kwa heshima. Kisha akanigeukia.

"Mzee wangu, hiki ni chombo gani?"

"Baiskeli, binti yangu."

"Basi piga pedali mbele yangu, mwende zenu."

Mipira ya tyubu ilikuwa nyumbani. Nikaweka miguu juu ya pedali zote mbili, nikakanyaga kwa nguvu zote nilizobakiza. Hazikusogea. Nikasimama wima juu yake, kama mtu anayehutubia. Hazikusogea. Radi ndiyo iliyosogea, kinyumenyume, kuelekea tulikotoka. Mama watoto alishuka na mkoba wake kwa ustadi wa hali ya juu. Trafiki akashika tandiko. Madereva waliokuwa wakingoja hawakupiga honi hata mmoja. Walizima injini ili wasikie.

Mama watoto aliinama akatazama ubavu wa kulia. Akazunguka, akatazama wa kushoto. Miaka yake ya ukunga alikuwa akizungukia wajawazito kwa baiskeli ya zahanati.

"Baba watoto, nani kaziweka hivi?"

Nikasema zilikuja na kosa, nikazisawazisha.

Aliniangalia. Kisha akaketi kwenye ukingo wa barabara, na gauni lake lile, akaangua kicheko. Alicheka hadi kitambaa cha kichwa kikamteleza. Trafiki, aliyekuwa amejikaza tangu Alhamisi, naye akashindwa kujizuia, akaketi kando yake. Nilisimama nikiwa nimeishika Radi, nikitazama lori, nikijua kwamba yamekwisha. Viti. Gia Nne. Tangi la maji.

Trafiki alipoweza kusema alifuta macho kwa glavu. Alisema pikipiki inakwenda kwa mota, na hii haiendi. Baiskeli inakwenda kwa pedali, na hii haiendi. Amri haisemi kitu juu ya chombo kisichokwenda, kwa hiyo hana la kukamata.

"Mama," akasema, "chukua mizigo yako yote miwili, uirudishe nyumbani."

Mama watoto alinyanyuka, akampigia dada yake simu kumwambia haji, sababu atamweleza akiweza kupumua. Kisha akanipa mkoba, akashika usukani.

"Kaa nyuma," akasema.

Nikakaa nyuma. Akaachia breki.

Sijawahi kushuka kilima namna ile! Alikata kona kwa kuinamia ndani. Alipita tuta bila kuyumba wala kuruka. Daraja, ukuta wa shule, barabara ya sokoni, kimya kabisa, na yeye bado anacheka vipande vipande. Nilikuwa nimekumbatia mkoba kwa mikono miwili. Langoni tuliingia kwa mwendo uliobaki, bila hata kusukuma. Gia Nne alikuwa bado amesimama pale pale. Mikono yake ilishuka.

Hesabu yangu ya mteremko ilikuwa sahihi. Sijasikia mtu akilitaja hilo.

Jumapili, 9 Machi

Gia Nne amekuja mapema, kavaa kofia ngumu mpya, yenye kioo. Amekuja kuchukua chombo. Mama watoto akamkaribisha kwenye kochi. Springi ikamfinya, akasogea, ikamfuata. Akasema masharti ni masharti, na kwamba yeye ni mtu wa kusaidia majirani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimejiandaa kuaga.

"Jirani," mama watoto akasema, "haiuzwi."

Nilitaka kurukaruka! Nikazuia, kwa sababu ya umri. Gia Nne akauliza viti je. Akaambiwa viti vitangoja. Kochi hili linatosha kwa wageni wa aina fulani. Akaondoka na kofia yake mkononi, na kwenye kona hakunguruma.

Kisha masharti mapya yakasomwa. Radi ni ya mama watoto. Kesho fundi baiskeli ataweka pedali zinavyotakiwa. Mimi nitapanda nyuma, isipokuwa Jumapili jioni, nitakapoiendesha hadi duka la dawa na kurudi. Tena nisiguse chochote kwa spana. Nikaapa.

Ushindi kamili! Radi imebaki, na mkewe Mkaguzi ameshinda akiimba jikoni.

Alasiri nilikwenda kuifuta vumbi tu. Nilikuwa nafuta usukani nilipoona jambo ambalo kila mtu amelipita bila kuliona. Waya mbili za breki, ya mbele na ya nyuma, hazilingani urefu. Ya nyuma inazidi mno! Imening'inia hadi chini ya ubao, kama soksi iliyoporomoka. Kiwanda kile hakina mkaguzi hata mmoja.

Spana imefichwa. Nimeazima kwa Gia Nne. Aliitoa kabla sijamaliza kuomba, akanipa na koleo la kukatia, akaenda kuchukua fagio.