Sahihi ya Msomi

Zipu ya begi la shule ilikwaruza gizani, ikakwama katikati, ikanung'unika, ikaendelea. Kisha vidole vidogo vikamgusa baba mtu begani.

"Baba. Sahihi."

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana. Mama alishatoka alfajiri kwenda kufua mashuka ya hospitali, akaacha chai kwenye chupa na maagizo kwa kila mtu. Baba alinyoosha mkono kutoka chini ya blanketi, macho yamefumbwa, akapokea kalamu, na pale pale kwenye giza akaiachia sahihi yake.

Tuiheshimu kidogo sahihi hiyo. Ilianza na kitanzi cha kutosha kumfunga ng'ombe, ikapanda, ikashuka, ikajizungusha mara tatu, ikaishia kwa mstari mrefu wenye nukta mbili chini yake, ambazo hakuna aliyewahi kujua zinafanya kazi gani pale. Waziri angeionea wivu.

"Umesoma alichoandika mwalimu?"

"Nimesoma."

"Gizani?"

"Baba yako ana macho ya paka, mama. Nenda kanawe uso."

Binti akafunga daftari la kazi za nyumbani. Ilikuwa Ijumaa ya kumi na nne mfululizo.

Mtaani bwana huyu aliitwa Msomi. Cheo hicho alikipata kwa gazeti lililokunjwa kwapani, tai ya kila siku na miwani aliyoinunua kwa mchuuzi, yenye vioo visivyokuza wala kupunguza kitu. Shule aliiacha darasa la nne, tena katikati. Herufi alizijua mojamoja, kama watu unaosalimiana nao njiani bila kujua kwao. Zikijipanga mstari mmoja, kichwa kinamuuma. Siri hiyo aliijua mkewe tu. Mtoto, yeye alidhani, hajui.

Lakini mapenzi kwa mtoto alikuwa nayo, na hapo ndipo habari yetu inapoanzia. Chini ya chupa ya chai kulikuwa na fomu ya akademia, shule ya kulipia, ile yenye basi la njano na tai shingoni. Mwisho wa kulipia ulikuwa Jumatatu. Msomi aliapa kwamba binti yake wa darasa la tatu hataozea kwenye shule ya bure. Alijuaje kwamba inaozesha? Alijua tu. Hajawahi kukanyaga hapo, na ukimuuliza binti anasoma ipi kati ya zile shule mbili za serikali zilizo mtaani, angekuonyesha kwa mkono mzima, upande wa bondeni, ili asikosee sana. Mikutano ya wazazi ilikuwa kazi ya mama. Yeye kazi yake ilikuwa maono.

Asubuhi hiyo maono yalimkuta kwa kinyozi.

Kwenye kiti cha pembeni, kitambaa shingoni, alikaa Mzee Vyumba, mwenye nyumba za kupangisha zinazoizunguka shule yenye ukuta wa bluu. Alikuwa analalamika kiasi kwamba kinyozi aliogopa kumkata sikio.

"Vyumba sita vitupu! Wanakuja, wanapenda, wanagonga kuta, halafu mama mtu anauliza, 'Na shule ya hapa ikoje?' Nikisema sijui, wanaondoka. Nikisema nzuri, wanacheka, halafu wanaondoka."

Msomi alikunjua gazeti, akalikunja tena.

"Samahani, mzee wangu. Hiyo shule imeshafanyiwa tathmini huru ya ubora?"

"Tathmini gani?"

"Ahaa." Aliitamka kama daktari aliyeona picha ya pafu. "Basi tatizo si shule. Tatizo ni karatasi. Shule bila hati ya ubora ni kama bibi harusi bila picha, nani ataamini? Mimi ndiye mtathmini. Vigezo saba. Hati yenye mhuri, unaitundika ukutani kwako, mpangaji anaisoma kabla hajakusalimia."

"Na ikitokea shule ni mbovu?"

"Mzee," Msomi alisema kwa huzuni, "ubovu unategemea gharama za utafiti."

Mzee Vyumba alicheka mpaka kitambaa kikadondoka. Tayari kichwani alishaongeza kodi na kujenga ghorofa. Hata hivyo mtu hamiliki vyumba ishirini kwa kuwa mjinga siku zote.

"Bahasha nakuja nayo leo saa sita. Naitoa baada ya sahihi, mbele ya mwalimu mkuu. Kabla ya hapo, hata senti."

"Mbele ya rais ukitaka," alijibu Msomi.

*

Shule yenye ukuta wa bluu ilikuwa na geti lisilofungika na mlinzi asiyeamka. Ofisini Msomi alimkuta mwalimu mkuu, mama mwembamba mwenye vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Walimu walikuwa hawatoshi, kwa hiyo yeye mwenyewe alifundisha darasa la tatu, alipiga kengele, na siku za shida alizibua mabomba.

"Mtathmini Mkuu Huru wa Ubora," alijitambulisha Msomi.

"Karibu. Jaza kitabu cha wageni."

"Andika wewe, mwalimu. Nataka kuona mwandiko wa shule. Kigezo cha kwanza."

Mwalimu mkuu aliandika alichoambiwa, hata habari ya Mzee Vyumba na bahasha ya saa sita. Akamgeuzia kitabu, na Msomi akashusha sahihi: kitanzi, kupanda, kushuka, mizunguko mitatu, mstari, nukta, nukta.

Mwalimu mkuu aliitazama sahihi ile. Akamtazama mwenye sahihi. Akairudia sahihi. Msomi alishazoea watu kuduwaa mbele ya kazi yake, kwa hiyo alinyoosha tai na kusubiri heshima.

"Kumbe ni wewe," alisema mama yule taratibu. "Karibu sana. Hujui tumekusubiri kiasi gani."

Unaona? alijiambia Msomi. Tai.

Ukaguzi ukaanza. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Mm." Alinusa chaki. Alihesabu madirisha, akatoa yasiyo na vioo, akayarudisha kwa huruma. Vyooni alichungulia kutoka mbali kama anayepiga picha ya kumbukumbu. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto watano kwenye dawati la watatu, na wengine chini kwenye sakafu, daftari kwenye mapaja.

"Hii inaitwaje?" aliuliza.

"Inaitwa uhaba wa madawati," alisema mwalimu mkuu.

"Mimi ningeiita ukaribu na mazingira. Inapandisha alama."

Kila alipopewa karatasi, iwe ratiba au orodha ya mahudhurio, aliirudisha. "Nisomee, mwalimu. Napima sauti." Mwalimu mkuu alisoma zote kwa utulivu, akimwangalia juu ya kila mstari. Mlango wa darasa la tatu ulikuwa umefungwa. Ndani sauti sabini zilikuwa zinaimba jedwali la saba, na Msomi alipita pale akiangalia paa.

"Hili huliingii?"

"Nimelisikia. Linatosha."

Hivyo ndivyo shule zinavyopimwa na wataalamu, na si huyu mmoja tu.

*

Saa sita Mzee Vyumba alifika amenyolewa upande mmoja vizuri zaidi ya mwingine, na bahasha mfukoni. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaandaa hati kwa mwandiko wa mviringo, amepiga mhuri, ameweka kalamu juu yake.

"Nimekuandikia, mtathmini, usichoshe mkono. Isome kwanza."

Msomi alivua miwani, akaifuta. "Hii ni ya mbali, mwalimu. Ya karibu nimeiacha ofisini. Nakuamini."

"Na wewe mzee, utakuwa shahidi. Soma."

Mzee Vyumba aliangalia mhuri. Ulikuwa mkubwa, wa bluu, umekaa sawasawa. Akasoma mstari wa kwanza, penye neno "bora," na hakuona sababu ya kuendelea. Mtu aliyeshapata alichofuata husoma zaidi ili iweje?

"Safi kabisa. Niweke wapi?"

"Hapo chini."

Wakaweka sahihi wote wawili. Bahasha ikatoka mfukoni. Msomi akanyoosha mkono, na tayari alishaliona basi la njano likipiga honi mlangoni kwake, binti yake dirishani amevaa tai.

"Ngoja kidogo," alisema mwalimu mkuu, na bahasha ikasimama hewani. "Umepima kuta, madirisha na vyoo. Mtoto akisoma hujamsikia hata mmoja."

"Aa, hilo..." Msomi alihamishia gazeti kwapa la pili. "Ndicho kigezo cha saba. Nilikiweka mwisho makusudi."

Mwalimu mkuu alifungua mlango akaita. Ikasikika miguu midogo ikikimbia, ikakumbuka adabu, ikatembea. Akaingia msichana wa miaka tisa, zipu ya begi lake imekwama katikati.

Msomi aliitambua zipu kabla ya uso.

Neno moja tu, "baba," na Mzee Vyumba ataondoka na bahasha yake, na pengine arudi na polisi. Mtoto alimwangalia baba yake: ile tai, ile miwani, lile gazeti. Akaangalia bahasha. Akapiga goti kidogo kwa heshima zote.

"Shikamoo, mgeni."

"Marahaba," alijibu Msomi kwa sauti iliyopotelea njiani. Hakujua alie au ajivunie. Damu ni damu.

"Tusomee hati hii," alisema mwalimu mkuu. "Kwa sauti, wenzako wa dirishani nao wasikie."

Maana dirishani palishajaa. Darasa la tatu zima lilikuwa limening'inia pale kama nguo, na nusu yao walikuwa watoto wa wapangaji wa Mzee Vyumba. Binti akashika karatasi kwa mikono miwili.

"'Sisi tulioweka sahihi hapa chini tumeikagua shule hii na kuiona ni bora kwa walimu, ila madawati hayatoshi. Kwa hiyo mimi, mtathmini, malipo yangu yote ya kazi hii nayatoa kwa shule, yanunuliwe madawati. Na mimi, shahidi, naahidi kutoa kiasi kama hicho mwisho wa mwezi.'"

Hakukwama popote. Hata kwenye "mtathmini," neno ambalo baba yake alilifanyia mazoezi asubuhi hiyo mbele ya kioo cha kinyozi, alipita kama anayeshuka ngazi za kwao.

Darasa la tatu likalipuka kwa makofi. "Asante mzee! Asante mtathmini!" Mmoja akapaza sauti, "Babu Vyumba, nitamwambia mama!" Mzee Vyumba alifungua mdomo, akaona nyuso zile dirishani, kila moja ikiwa na mama anayelipa kodi, akaufunga.

"Hayo ndiyo tuliyokubaliana?" alimnong'oneza Msomi akiwa amebana meno.

"Mzee, sahihi ni yako."

Bahasha ilibadili njia, ikatua mezani kwa mwalimu mkuu kwa upole kama ndege aliyefugwa. Na Msomi, aliyeipoteza, aliyepoteza na Jumatatu na basi la njano, akajikuta anapiga makofi. Mikono ilianza yenyewe. Miaka mitatu binti huyu anaenda shule, na leo ndiyo mara ya kwanza kumsikia anasoma.

Mwalimu mkuu alimsindikiza mpaka getini, Mzee Vyumba akiwa ameshatangulia kwa hasira na hati yake kwapani. Itatundikwa tu, vyumba ni vyumba.

"Wiki kumi na nne nimekuandikia kwenye lile daftari," alisema mwalimu mkuu. "Ufike shuleni, ufike tuongee. Na kila mara unanijibu kwa sahihi nzuri vile. Nikajua huyu mtu ama ana dharau, ama hasomi. Leo uliponiambia nikuandikie kitabuni, nikajua."

Msomi alitafuta uongo. Alikuwa na akiba kubwa, lakini leo hakuna uliomtosha.

"Mwalimu, mimi nilitaka mtoto apate shule nzuri."

"Umemsikia mwenyewe. Unaipa alama ngapi?"

Msomi aliangalia ukuta wa bluu, kama vile ameuona sasa hivi.

"Jumanne na Alhamisi jioni kuna darasa la watu wazima," alisema mwalimu mkuu. "Njoo. Dawati utalikuta, umeshalilipia."

*

Jioni umeme ulirudi. Mama aliingia na harufu ya sabuni mikononi, akainua chupa ya chai, akaona fomu ya akademia imekunjwa mara nne na kuwekwa chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama mguu wa meza.

"Imetulia," alisema.

Mama akamimina chai. Siku nyingine ataambiwa, na atacheka hadi ashike mbavu.

Zipu ikakwaruza, ikakwama, ikaendelea. Daftari likafunguliwa mezani, mwandiko wa mviringo ukiwa bado na alama ya kidole cha chaki, na kalamu ikawekwa pembeni yake kama kawaida.

"Baba. Sahihi."

Msomi aliichukua kalamu. Kile kitanzi kilishaanza kujikunja vidoleni. Akaizuia, akaiweka chini, akavua miwani ya mchuuzi na kuisogeza mbali.

"Nisomee kwanza, mama."

Binti akasogea karibu, akaweka kidole chake chini ya neno la kwanza ili baba naye aone maneno yanapoanzia, akasoma:

"Mzazi amefika shuleni leo."