Ubavu wa Kushoto wa Behewa 3814

Sogezeni viti, enyi mliokwisha kusikia habari za miji iliyozingirwa na falme zilizoanguka mkadhani hamna tena la kusikia. Zimeni redio, zilazeni simu kifudifudi, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Kwa maana yanasimuliwa hapa mapambano ya miezi saba, yaliyopiganwa kwa ajili ya namba nne, kila namba ikiwa na urefu wa milimita tatu, ubavuni mwa behewa ambalo mtu angeweza kulifumbata kiganjani akapita nalo mbele ya mlinzi yeyote. Aliyepambana hakuwa jemadari. Alikuwa Fundi Meno, mtengenezaji wa meno ya bandia, Mwenye Mkono Usiotetemeka, Mshika Brashi ya Nywele Tatu, mume wa mwalimu mkuu, na mwanachama wa tisa kati ya tisa wa Chama cha Wajenzi wa Mabehewa Madogo.

Chama hicho kilikutana kila Jumamosi saa tisa alasiri katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vitambaa. Humo mlikuwa na meza moja, taa moja kali, viti tisa na Kabati la Vioo. Ndani ya kabati yalisimama mabehewa ya mizigo ya zama zilizopita, kila moja dogo mara themanini na saba kuliko mzazi wake, kila moja na ribiti zake, kutu yake na namba yake. Wala halikuingia behewa humo kwa kupendeza tu. Ibara ya kwanza ya katiba ilisema kwamba kila ubavu utathibitishwa kwa picha au kwa shahidi aliye hai. Ibara ya nne ilikuwa fupi zaidi na iliwakosesha watu usingizi: mwanachama atakayekataliwa mara nne atampisha anayesubiri. Na aliyesubiri alikuwepo. Alikuwa dereva wa basi mstaafu aliyejenga stesheni nzima ya mfano yenye vyoo, na milango ya vyoo hivyo ilifunguka na kufungwa.

Fundi Meno alikuwa amekataliwa mara tatu. Behewa lake la kwanza lilianguka kwa sababu ya ribiti moja, kumi na tisa badala ya ishirini. La pili liliangushwa na rangi: hudhurungi aliyoipaka ilianza kutumika katika karakana ya reli miaka miwili baada ya mwaka alioutaja. La tatu halikuwa na dosari yoyote, ila Bwana Rula, katibu wa chama, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kuonekana bila rula ya chuma mfukoni, alitoa karatasi iliyoonyesha kwamba behewa la namba hiyo liliteketea kwa moto mwezi mmoja kabla ya tarehe iliyoandikwa chini yake. Kwa muda mrefu wanachama waliliita la marehemu.

Kwa hiyo alipolichagua behewa 3814, behewa la mbao, la magurudumu manne, la kubebea saruji, alijua anachocheza nacho. Ubavu wa kulia alikuwa nao katika picha safi, namba ikisomeka kama iliyopigwa chapa. Ubavu wa kushoto haukuwahi kupigwa picha na mtu yeyote aliyemwandikia, na aliwaandikia watu arobaini na wawili.

Mkewe, ambaye siku nzima husimamia walimu ishirini na wanafunzi mia sita na hana muda wa mizunguko, aliuliza kwa nini asiandike namba ileile pande zote mbili. Behewa moja si lina namba moja?

Fundi Meno akaweka kibano chini, akasimama, akanena kama anayehutubia majeshi. “Mke wangu, mara tatu nimeangushwa na neno moja: bila shaka. Bila shaka ribiti ni kumi na tisa. Bila shaka rangi ni hii. Bila shaka behewa lilikuwa hai. Sitaangushwa nalo mara ya nne.”

“Haya,” akasema mwalimu mkuu. “Lakini utoe hizo taya mezani, tunataka kula.”

Mwezi wa tano wa mapambano shujaa akapata habari. Mteja mmoja, huku mdomo ukiwa wazi na hawezi kusema zaidi ya herufi mbili, alimwashiria kwa mikono kitu kirefu, kipana, chenye mlango wa kusukuma. Na alipofunga mdomo akaeleza kwamba katika uwanja wa mbao anakonunua papi limo behewa zima lisilo na magurudumu, linatumika kama stoo. Fundi Meno hakusubiri plasta ikauke.

Uwanja ule ulitawaliwa na Mama Mbao, mwanamke mpana, mwenye penseli nyuma ya sikio, ambaye sauti yake ilisikika juu ya msumeno. Behewa lilikuwepo. Ubavu wa kulia ulitazama uwanja na namba 3814 ilikuwa bado inaonekana, imefifia. Ubavu wa kushoto ulitazama ukuta wa jirani, na kati ya behewa na ukuta palikuwa na nafasi ya shubiri moja na nusu, giza tupu na buibui wa makamo. Shujaa akaeleza haja yake.

“Unataka ubavu,” alisema Mama Mbao, akimtazama kutoka viatu hadi kichwani. “Na mkeo anajua?”

“Anajua, mama. Ndiye aliyenifungia chakula.”

“Basi mna matatizo wote wawili. Sikiliza, baba. Hilo ni stoo yangu. Ukichomoa msumari mmoja, utalala humo wewe badala ya mbao.”

Aliposema “badala ya mbao”, kitu kililia tik mdomoni mwake mara mbili. Sikio la Fundi Meno, lililofundwa kwa miaka ishirini na tatu, lilitambua mara moja sahani ya juu ya meno ya bandia iliyoachia upande wa nyuma. Hapakuwa na mashauriano marefu. Akafungua mkoba, akaomba maji safi, akasaga, akajaza, akang’arisha, na baada ya robo saa Mama Mbao akatamka “papi, boriti, mbao” mara tatu bila tik hata moja, kisha akaamuru wafanyakazi wake waondoe rundo lililoziba mdomo wa ule uchochoro.

Hapo ndipo shujaa alipouingia. Aliingia kwa ubavu, mkono wa kushoto mbele, tumbo limevutwa ndani, kitambi cha miaka ya amani kikigombana na ukuta kila hatua. Na ripoti iliyotoka kwa wafanyakazi waliokuwa wakichungulia ni kwamba alikwama mara mbili. Alipofika katikati akawasha taa ya simu. Ubavu wote ulikuwa mweusi. Mmiliki wa zamani aliupaka lami ili usioze, na picha yoyote ambayo mtu angepiga pale ingekuwa picha ya lami.

Mtu mwingine angerudi. Lakini Fundi Meno hufanya kazi mahali pasipoonekana, na vidole vyake vimezoea kuona kabla ya macho. Akaupapasa ubao. Chini ya lami palikuwa na mwinuko mwembamba. Alielewa mara moja: rangi nene ya namba iliulinda ubao kwa miaka mingi, mvua ikala pembeni yake, na namba zikabaki zimesimama juu kama ufizi. Akafuatisha ya kwanza: tatu. Ya pili: nane. Ya tatu alitarajia moja, na kidole kikakutana na nne. Ya mwisho ilikuwa moja. Akarudia mara sita. Kila mara ilikuwa 3841.

Alirudi siku tatu baadaye na silaha zake kamili: udongo wa waridi wa kuchukulia umbo la taya, na trei nne za bati alizozikunja mwenyewe. Udongo ule hukauka kwa dakika tatu, hivyo hakuweza kukoroga wa namba zote kwa pamoja. Alichukua namba moja moja, akikandamiza kila trei kwa kabari aliyopewa na Mama Mbao, na inasemekana kwa mazoea aliliambia behewa lisimeze mate. Nyumbani akamimina plasta. Zikatoka namba nne nyeupe, kubwa, zisizo na shaka, naye akaketi chini ya lenzi na kwa brashi ya nywele tatu akaandika 3814 ubavu wa kulia na 3841 ubavu wa kushoto. Kazi hiyo ilichukua siku tisa, na kwa siku hizo tisa hakunywa chai, kwa sababu chai hutikisa mkono.

Ikafika Jumamosi ya hukumu. Dereva wa basi mstaafu alikuwa ameketi ngazini na stesheni yake mapajani, amevaa suti.

Mwenyekiti wa chama, mfamasia mpole, alilipokea behewa kwa vidole viwili akalisifu. Kisha likamfikia Bwana Rula. Alipima, akaligeuza, akaligeuza tena, akatabasamu kama mtu aliyeletewa barua aliyokuwa akiingoja. Fundi Meno akatoa zile plasta na kueleza yote, lami, mwinuko, udongo na kabari. Wanachama wakasogea. Wengine walianza kutikisa vichwa kwa kukubali. Ndipo Bwana Rula akasimama.

“Ndugu mwenyekiti, nawaheshimu sana watu wa meno. Lakini katiba inasema picha, au shahidi aliye hai. Plasta si picha, na haijapata kuwa hai. Halafu trei zilikuwa nne. Nani atatuambia ipi ilitangulia ipi? Mtu akikaa na trei nne jikoni kwake anaweza kupanga namba yoyote anayoitaka.”

Fundi Meno akazihesabu plasta zake upya. Katika miezi saba alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa kwamba trei nne zina mipangilio ishirini na nne. Ngazini ubao ulilia. Dereva alikuwa anasimama.

“Nipeni hizo plasta,” ilisema sauti ya pembeni.

Alikuwa Mzee Brashi, mwanachama aliyekuwa mwandishi wa namba wa karakana ya reli kwa miaka thelathini na moja, ambaye chama kilimwogopa kuliko Bwana Rula, kwa kuwa hakukuwa na namba iliyopinda aliyopata kuisamehe. Aliwahi kulikataa behewa la mwenyekiti mwenyewe kwa sababu ya mkia wa tisa. Akazipapasa plasta akiwa amefumba macho, akaishika yenye namba nne kwa muda mrefu.

“Nne hii ni yangu,” alisema. “Wenzangu wote waliifunga juu. Mimi niliiacha wazi, fomeni, msimamizi wetu, akanigombeza mpaka akachoka.” Akaiweka mezani taratibu. “Ubavu wa kulia niliuandika kabla ya kula. Wa kushoto baada ya kula. Nilipokuja kuutazama vizuri, behewa lilikuwa limeshavutwa, liko mita mia mbili, na mimi nimesimama na brashi mkononi.”

“Ukafanya nini, mzee?” aliuliza mwenyekiti.

“Nikaosha brashi.”

Akaendelea bila kuulizwa, kama mtu anayetua mzigo kwa hatua. Mwaka uliofuata alisikia stesheni moja inalitafuta behewa 3841 lililopotea, wakati limesimama mbele ya ofisi yao. Walikuwa wanalitazama upande wa kulia. Shirika la reli likafungua majalada mawili na kuyatunza yote mawili hadi behewa lilipostaafishwa, mara mbili, kwa barua mbili. Kisha akamgeukia Fundi Meno na kumwambia kwamba kama anataka kucheka acheke sasa, kwa sababu yeye mwenyewe ameshindwa kucheka kwa miaka thelathini.

Fundi Meno hakucheka. Alimwomba tu, kwa heshima zote, atie sahihi kwamba yu hai.

Kura zikapigwa. Nane zilikubali, na ya tisa ikaomba ufafanuzi: kadi ya kabatini itaandikwa namba gani? Bwana Rula alisoma kwa sauti ibara ya sita, aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, isemayo kila namba itakuwa na kadi yake. Na kadiri alivyosoma, ndivyo sauti yake ilivyopungua, maana alikuwa amefika mwisho wa sentensi na hapakuwa na pa kugeukia. Mwenyekiti akaagiza kadi mbili.

Na iandikwe basi, kwa wino usiofifia, ili wajao wasibishane: asubuhi ya Jumamosi ile Kabati la Vioo lilikuwa na mabehewa thelathini na moja, na jioni lilikuwa na thelathini na matatu, na Fundi Meno, aliyekataliwa mara tatu na kuponea chupuchupu mara ya nne, akateremka ngazi akiwa mtu wa kwanza katika historia ya chama kuingiza mabehewa mawili kwa magurudumu manne.