Nilivyofilisika kwa Akili

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kiganjo.
Nimepata dawa! Gachanja, jirani wa mlango wa pili, anasema kuna sheria ya kufilisika. Unaenda kortini, unakiri huna kitu, wanaokudai wanakoma kukusumbua. Miaka mitatu, uko huru. Nikamuuliza mbona yeye hajafilisika. Akasema hana kichwa cha makaratasi. Mimi ninacho. Mkopo wa Sacco, chama chetu cha akiba, niliochukua kununua mashine ya kuangulia vifaranga umenikaba tangu stima ipotee siku mbili na mayai mia tano yaoze. Kwaheri, Sacco!

Alhamisi, 6 Machi.
Nimejaza fomu ya mali. Kitanda, sufuria nne, redio. Mashine sikuiandika. Nimemuuzia Gachanja kwa shilingi mia mbili, kwa maandishi, tarehe ya mwaka juzi. Ya kuniwekea tu, tumeelewana. Amelipa mia. Nyingine ameahidi.

Jumapili, 16 Machi.
Baada ya ibada dada yangu Waithira alinivuta kando. Yeye ndiye mdhamini wa mkopo wangu. Siku ile ya kukopa alitia sahihi hapo hapo nje ya kanisa, juu ya boneti ya pikapu, kwa kuwa mimi ndiye ndugu yake wa pekee. Anataka kujua nikifilisika akiba yake pale Sacco itakuwaje. Ni karo ya binti yake Becky, anayesomea uuguzi. Nikamwambia deni likifa limekufa kwa wote. Nilitumia sauti ya wakili. Akashukuru! Nyumbani kwake akanipakulia githeri mara mbili. Sijui kama ni kweli, lakini ilisikika vizuri.

Jumanne, 10 Juni.
Amri imetoka. Mimi ni muflisi rasmi! Nilinyoa ndevu kwa heshima ya siku. Afisa wa ufilisi, dada mpole aitwaye Nadira, alinisomea masharti. Nisitoke nchini bila ruhusa. (Sijawahi kufika hata Namanga mpakani.) Nisikope pesa za maana bila kumwambia anayenikopesha hali yangu. Kisha akauliza nafanya kazi kwa kifaa gani. Nikasema nilikuwa na mashine, niliiuza zamani. Akasema pole, kwa kawaida mtu huachiwa vifaa vyake vya kazi.
Huachiwa! Nilimwomba maji. Nilikunywa gilasi tatu.

Alhamisi, 19 Juni.
Kwa Gachanja, kuchukua mashine. Akauliza mashine gani, ile aliyonunua? Kumbe ameipeleka Ruiru kwa shemeji yake na vifaranga wanatoka kila wiki. Nikamtisha na polisi. Akasema twende pamoja, nikawaeleze ile tarehe niliyoandika kwa mkono wangu. Mwizi! Jioni amenitumia picha ya vifaranga. Wana afya, siwezi kukataa.

Ijumaa, 4 Julai.
Sacco wamekata akiba ya Waithira. Yote. Nikakimbia kwa Nadira. Akasema kufilisika kunanikinga mimi, si mdhamini. Deni kwangu limesimama, kwake linatembea. Akauliza kama kuna mtu aliyemweleza dada yangu hivyo mapema. Nilitazama kalenda ukutani.
Nikaenda kwa Waithira. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alikuwa akikunja sare ya Becky. Akasema nisije kula kwake tena, akaendelea kukunja. Niliona aibu. Njia nzima nililia, na watu wa boda wakanitazama.

Ijumaa, 1 Agosti.
Becky ameacha chuo. Anafunga maua katika shamba moja upande wa Ngoliba, anasimama kutwa nzima, vidole vimejaa miiba. Moyo unaniuma. Kwa hiyo nimefikiria sana, na nimepata dawa.
Ibra muuza kuku ana mashine ya mayai elfu moja. Kubwa kuliko ile ya Gachanja! Anaitoa kwa mkopo, ulipe kila mwezi. Mimi sheria imenifunga. Becky haijamfunga, na sasa ana payslip ya mshahara. Faida itamrudisha chuoni kufikia Januari. Labda Machi.
Nilimngoja getini akitoka kazini. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kila kitu, hata faida nilikuwa nimeipigia hesabu. Hakutaka kusikiliza, alikuwa amechoka. Aliuliza tu, mjomba, nitie sahihi wapi. Nikamwonyesha.