Kopo la Gulab Jamun na Kopo la Kababu

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya watu wazima, na sijui kesho nitatokaje nje kuweka pipa la taka.

Jirani yangu Hansa ni Mhindi wa Kigujarati. Nyumba zetu hapa Birmingham zimegawana ukuta mmoja. Kila Diwali hunigongea mlango na sahani ya vitamutamu vyao, na mimi kila Idi humpelekea kaimati, maana kwao hakuna anayekula nyama. Mwaka huu nikajitia ufundi. Nikasema Diwali hii nampelekea gulab jamun nilizopika mwenyewe. Ni vitonge vya maziwa ya unga, vinakaangwa taratibu kwenye samli halafu vinaloweshwa kwenye shira ya iliki. Mtu aliyechoma kaimati tangu ana miaka kumi, hicho kitamshinda nini? (Kilimshinda mara mbili.)

Mara ya kwanza zilipasuka, samli yote ikawa uji. Mara ya pili zikawa nyeusi nje, mbichi ndani. Jana mchana nikaenda Alum Rock kununua maziwa ya unga mengine. Muuza duka akanitazama, nadhani niliona huruma usoni mwake.

"Dada, moto mdogo," akaniambia. "Na usikande kama unapigana."

Nikarudi, nikamtii. Zikatoka za duara, kahawia iliyokolea, laini mpaka kijiko kinapita chenyewe. Nikala mbili nimesimama. Nikazipiga picha kumi na moja.

Nikazitia na shira yake kwenye kopo la aiskrimu, nikaweka kwenye friji. Pembeni yake palikuwa na kopo jingine kama hilohilo, lina kababu za mchuzi, chakula cha mchana cha mume wangu Nassor, anayefanya kazi kwenye ghala huko Digbeth. (Ndiyo, mimi ni wale wasiotupa makopo ya aiskrimu. Na wewe pia, usijifanye.)

Leo saa saba mchana nimevaa dera jipya, nimechukua kopo, nimegonga kwa Hansa. Sebule imejaa: mume wake, mashemeji, na mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini mwenye sari ya zambarau, ambaye wote humwita Ba.

Hansa akatangaza kwa Kiingereza, "Jirani yetu ametupikia gulab jamun kwa mikono yake mwenyewe."

Wakanipigia makofi. Badala ya kunyamaza, nikahutubia. Nikaeleza kukanda, nikaeleza samli, nikawapa siri ya moto mdogo, utadhani nimezaliwa Gujarat. Nafundisha Wahindi gulab jamun.

Kopo wakampa Ba afungue, kwa heshima ya umri wake. Akafungua. Akainama kunusa. Akanitazama. Akanusa tena.

"Umetia kitunguu?" akaniuliza kwa upole.

Nikachungulia. Vitonge ni vya duara, na rangi ni ileile. Ila shira ilikuwa nyekundu, na majani ya kotmiri yanaelea juu.

"Msile," nikasema, nikamnyang'anya bibi wa watu kopo mikononi, siku ya sikukuu yake. "Ni nyama."

Nimesimama katikati ya zulia na kopo la kababu kifuani, naomba radhi kwa Kiingereza, namalizia kwa Kiswahili bila kujijua. Hapohapo simu ikaita. Nassor. Kwa kiwewe nikabonyeza spika.

"Mama Rahma, hizi kababu umetia nini leo? Nimezipasha moto, nimekula na chapati, zina sukari."

"Usizile," nikamwambia.

"Nimeshakula. Na huyu mwenzangu Mkongo amekula sita. Anauliza ni chakula cha Unguja au cha Pemba."

Hansa akataka kujua kuna nini, nikamtafsiria. Akajiziba mdomo. Halafu Ba, ambaye mikono yake ilikuwa bado hewani pale kopo lilipokuwa, akaanza kucheka, kile kicheko kisicho na sauti kinachotikisa mabega. Basi, wote wakaachia. Nikakimbiza kababu nyumbani, nikanawa mpaka viwiko, nikakusudia kujifungia ndani. Hansa alikuwa ameshanifuata mlangoni. Akanishika mkono, akanirudisha kwao kunywa chai.

Saa kumi na moja Nassor akarudi na kopo lake. Zimebaki nne. Nikazipeleka, na hizo hatua chache nilifungua kifuniko mara tatu kuhakikisha. Ba akakata moja kwa kijiko, akakagua ndani kwanza, akala polepole huku ukoo mzima unamtazama. Hata siku ya mtihani wa udereva sikuogopa hivyo.

"Iliki imezidi," akasema. "Lakini imeiva mpaka katikati. Zangu za kwanza tulimpa ng'ombe, naye akazikataa."

Akachukua ya pili. Nilitaka kulia, wallahi.

Sasa nimekaa kwangu na sahani ya ladu, vile vitamutamu vyao vya duara, alizonifungia Hansa, na nina furaha kuliko ninavyostahili. Tafadhali msinicheke. Au chekeni leo mmalize, maana Jumamosi Ba anakuja kunifundisha barfi, kitamutamu chao kingine cha maziwa, na ameshasema friji ataikagua yeye mwenyewe.