Pazia Lako Limenificha Hata kwa Mke Wangu

Bandani, nyuma ya nyumba,
Franklin, Bonde la Huon,
Tasmania.
Julai.

Ndugu Mtengenezaji wa Pazia,

Pokea salamu za baridi kutoka huku bondeni, ambako matufaha yote yameshachumwa na sakitu haijayeyuka tangu alfajiri. Jina langu ni Athol Direen, mkulima mstaafu, mume wa Merle. Nakuandikia kwa heshima zote kuilalamikia programu yako ya bure iitwayo Pazia, ambayo niliiweka kwenye kompyuta yetu ya nyumbani na ambayo, kwa masikitiko makubwa, inafanya kazi.

Sikuifuata kwa tamaa ya cha bure. Jirani yangu Clarrie Skeggs alitoa mhadhara kwenye banda la wanaume, pale tunapokutana wastaafu kutengeneza viti ambavyo havijavunjika. Alisema kila tunachotafuta mtandaoni kinaonwa na makampuni, wezi na serikali. "Jamani, mko uchi," alituambia, na kwa umri wetu hilo halikumpendeza yeyote kulifikiria. Nikarudi nyumbani nikaweka Pazia siku hiyo hiyo, nikafuata mwongozo wako neno kwa neno. Ulisema nyayo zangu zifutwe kila nikifunga mtandao, zinafutwa. Ulisema skrini isikae mahali wanapopita watu. Kompyuta yetu ilikuwa imekaa miaka yote juu ya meza ya jikoni, kando ya sinki, basi niliibeba nikaihamishia bandani. Hapa ndipo ninapokuandikia, kwa kidole kimoja, huku kuku wamejikusanya mlangoni kama ilivyo kawaida yao kila ninapoandika. Sijui wanataka nini.

Sasa lazima uielewe ndoa yetu. Nimeishi na Merle tangu tukiwa vijana wa kufungasha matufaha, na sijawahi kumwambia ninachotaka. Wanaume wa bonde hili hatusemi. Baba yangu aliangukiwa na tawi, akala kwanza chakula cha jioni, ndipo akaomba daktari, tena kwa ishara. Mimi jambo likinigusa naiuliza kompyuta, na baada ya siku mbili tatu Merle anakuwa ameshalijua. Zamani sana nilitambua kwamba lazima huwa anapekua historia ya nilichotafuta, nami sikuona ubaya. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na wewe umeyakata.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku yangu ya kuzaliwa. Kila mwaka ikikaribia huwa natafuta kitu fulani mtandaoni, na siku ikifika nakikuta mezani kimefungwa kwa karatasi ya maua. Mwaka huu nilitafuta jiwe la kunolea mpaka macho yakauma. Nikapewa gitaa dogo la nyuzi nne. Merle alisema safari hii amebahatisha tu. Nimeshajifunza wimbo mmoja, na hakuna aliyeomba wa pili.

2. Mbwa wetu Bosun alikufa msimu wa kuchuma. Tangu hapo kila jioni namtafuta mtandaoni mtoto mmoja wa mbwa huko Geeveston, mwenye sikio moja lililolala, nione kama ameshapata watu wa kumchukua. Zamani Merle angekuwa ameshamleta na kudai kwamba alimwokota barabarani. Sasa, kwa kuona nimenyamaza, amedhani nimesahau, na amelipeleka blanketi la Bosun kwenye duka la mitumba la kanisa. Nililikuta dirishani likiuzwa. Nikalinunua, nikalificha huku bandani, na mchana nalala nalo.

3. Kile kipengele chako cha kuongeza bidii kazini. Niliandika kumbukumbu za mkutano wa zimamoto wetu wa kujitolea, na nilipomaliza skrini ikaniambia: "Hongera, Athol. Umefanya kazi nzuri sana leo." Ndugu, huku hakuna anayemwambia mwanamume maneno hayo akiwa hai; tunasubiri alale kwenye jeneza. Ilinibidi nitoke nje nikapasue kuni mpaka macho yakauke. Ukiwa na huruma, badilisha pasomeke "Si mbaya".

4. Sifa yangu. Noreen, dada yake Merle, alikuja kututembelea, akaniona nakimbilia bandani na kufunga mlango, akamwambia dada yake kwamba mwenye pazia ana jambo nyuma yake. Jambo lenyewe, kwa mujibu wa Noreen, ni mwanamke wa Devonport. Mimi na goti hili, nisiyeweza kufika hata Hobart bila kusimama penye kila choo. Merle hajaniuliza chochote. Ila Jumamosi aliniletea pai ya nyama bila sosi ya nyanya, akaiweka na kuondoka. Humu bondeni watu wameachana kwa kidogo kuliko hicho.

5. Hili sikutaka kuliandika. Nikibeba kuni, kifua kinabana, na maumivu yanashuka mkono wa kushoto. Nikikaa yanapoa. Niliiuliza kompyuta, ikanijibu nimwone daktari leo leo, nami nikafunga mtandao, na Pazia lako likafuta kila kitu kwa uaminifu mkubwa. Zamani, kesho yake Merle angechukua funguo za gari na kusema twende tukanunue mbolea. Tungejikuta kwa daktari, na hakuna ambaye angeitaja mbolea tena. Ndivyo ugonjwa wangu wa tezi dume ulivyogunduliwa mapema. Safari hii nilikaa kwenye ngazi asubuhi nzima nimevaa shati safi, nikisubiri kwenda kununua mbolea. Wiki zinapita sasa. Najua wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi sikuficha kitu. Nimefichiwa na wewe.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, utengeneze Pazia la watu waliooana. Lizibe kwa makampuni, lizibe kwa wezi, kwa serikali, kwa Noreen, na ikiwezekana lizibe kwa Clarrie mara mbili. Ila liache upenyo mmoja wa kuelekea jikoni. Kwa kuwa hupokei malipo, nitakutumia kreti ya matufaha, yale mazuri, si yale tunayowauzia watalii.

Nisalimie mke wako kama unaye, wazazi wako, majirani zako, na hata wale wezi wa mtandaoni, ambao lazima wamenikosa. Clarrie nitamsalimia mwenyewe.

Ni mimi niliyefichika,
Athol Direen

Nyongeza: Nilipofika kwenye jina langu nilisikia mtu akivuta pumzi. Merle alikuwa amesimama mlangoni katikati ya kuku, na kikombe cha chai mkononi, na chai ilikuwa imepoa tangu lalamiko la pili. Nikamuuliza amejuaje ninachoandika, maana skrini ilikuwa imempa mgongo.

"Wewe mzee," akasema, "mimi hiyo historia ya kompyuta sijui hata inakaa wapi. Hujawahi kuandika neno bila kulitamka. Miaka yote hiyo nilikuwa namenya viazi tu, nakusikiliza."

Kisha akasema nivae viatu. Hakutaja mbolea.

Basi malalamiko yote matano nayafuta, na ombi langu la msamaha ulipokee pamoja na matufaha. Programu yako haina kosa. Iache kama ilivyo. Kompyuta inarudi kando ya sinki. Merle ameshawasha gari, analisogeza hapa mlangoni, na amesema tukitoka kwa daktari, daktari akiniachia, tutapita Geeveston.

Hili la mwisho nakuandikia kimya kabisa, mdomo nimeufunga, kwa kuwa ni siri yako na yangu: naogopa.

Merle amejibu kutoka kwenye gari: "Najua. Njoo."