Nilivyotoboa Bodi ya Mama Mkwe

Leo nimeaibika, na sitaki kuzunguka. Nimeaibika mbele ya mama mkwe, huko Timau, mchana peupe, nikiwa nimelala kwa tumbo. Nawaeleza mwenyewe kabla mchumba wangu Kendi hajawaeleza, maana yeye ataongeza chumvi. (Na hii tayari ni chumvi tupu.)

Mnanijua. Mimi ni Njiru wa Siakago, karani kwenye duka la mbolea na dawa za mimea hapa Kinoru. Mara moja kwa mwezi bosi wangu hunibeba hadi klabu ya kulenga shabaha. Bunduki ni za klabu, msimamizi yuko mgongoni, kazi yangu ni kulala chini na kufyatua. Nimeenda mara saba. Katika mara hizo saba kuna karatasi moja, MOJA, ambayo risasi zangu tatu zilikaa pamoja mpaka kifuniko cha soda kikazifunika. Ilikuwa mita mia moja, hakuna upepo, bunduki imelazwa juu ya gunia la mchanga. Karatasi hiyo niliipeleka kwa mtu wa fotokopi akaitia plastiki. Zile zingine niliwashia jiko.

Sasa, Krismasi iliyopita Kendi alinipeleka kwao mara ya kwanza. Mama yake ni mjane, analima ngano. Kabla ya ngano alikuwa askari wa wanyama pori miaka mingi, na mpaka leo ana bunduki yake na leseni yake. Ni mama wa maneno machache. Mimi nikikaa na mtu aliyenyamaza, mdomo wangu hujaza nafasi. Nikatoa karatasi yangu ya plastiki, nikasema, "Mama, mimi hata mita mia sita nagonga kifuniko cha soda."

Mia sita! Sijawahi kupiga hata mia mbili. (Ulimi hauna mfupa. Wangu hauna hata breki.)

Mama akaitazama karatasi, akanirudishia. "Mm," akasema. Hilo tu.

Mwezi huu wazee wetu wakataka kupanda Timau kuanza mambo ya mahari. Kendi akamuuliza mamake waje lini. Jibu likawa: "Nitasema Jumamosi. Kwanza huyo kijana tukutane na yeye kwa uwanja wa shabaha."

Kendi akanipigia simu mbio. "Njiru, mathe hana shida kama unajua kupiga ama hujui. Anataka kujua kama wewe ni mwongo. Pliz, mwambie tu ukweli."

Nikamwambia atulie, nina mpango. (Sikuwa na mpango.)

Basi leo ndiyo Jumamosi yenyewe, tukafika. Timau baridi, mlima uko wazi mpaka barafu, na upepo unashuka kutoka huko juu ukilaza ngano yote upande mmoja. Uwanja wa klabu ya huko uko pembeni mwa shamba. Mbele kuna bodi zenye karatasi za shabaha, zimesimamishwa kwa miguu ya mbao mbele ya ukuta wa udongo, na kando yake kitambaa chekundu kimefungwa kwa mti, kinapepea kwa nguvu. Nilidhani ni pambo.

Msimamizi, Bwana Mutuma, mzee mpole mwenye penseli sikioni, akauliza, "Tutapigia mita ngapi?"

Mama akanitazama. Jamani, hapo mlango wa kutubu ulikuwa wazi kabisa. Kendi nyuma yangu alikohoa mara mbili kunionyesha mlango ulipo.

"Mia sita," nikasema.

"Uwanja wetu unaishia mia tatu," Mutuma akasema.

"Ah. Basi hiyo ni karibu." (Nipigeni. Nastahili.)

Nikapewa bodi ya tano na bunduki ya klabu. Mama akapata bodi ya sita, kulia kwangu, na bunduki yake mwenyewe. Risasi tano kila mtu. Mutuma akatandika mikeka miwili, sako kwa bako.

Hapo nikakwama. Nyinyi mliolelewa Mbeere mnanielewa. Kwetu mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe. Akimwona njiani, anampisha kwa mbali. Sasa nilale kwa tumbo kando yake, mikeka ikigusana? Marehemu nyanya angefufuka aje anichape!

Mama hakuwa na habari na hayo. Alilala, akavuta pumzi, akapiga risasi zake tano polepole, kama mtu anayechagua maharagwe. Kisha akachukua darubini yake, akabaki palepale. "Endelea, kijana."

Nikauvuta mkeka wangu kushoto kidogo. Haikutosha. Nikaipeleka miguu kushoto pia, mbali kabisa na viatu vyake. Heshima ikakamilika. Ila kuna jambo sikulifikiria: mtu akilala na miguu yake imeenda kushoto, mtutu wake unaenda kulia.

Nikachungulia. Bodi ile pale! Nikafyatua. Nikachungulia tena, nikaona katikati kuna kidoa cheusi, kimekaa vizuri sana.

"Imeingia katikati!" nikapiga kelele.

"Mm," Mama akasema.

Risasi ya pili sikuona tundu jipya, nikajua imepitia tundu lile la kwanza. Ya tatu na ya nne vivyo hivyo. (Mwongo huanza kujidanganya mwenyewe, halafu ndiyo anawafikia wengine.) Ya tano ilipotoka, bodi yenyewe ikatikisika, ikainama taratibu, ikaanguka chali.

"Umeona hiyo nguvu?" nikamuuliza Mutuma.

Mutuma akatoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

Hapo ndipo nilipowaandikia hapa kwenye grupu, "Pikeni, mambo yameiva." Naomba muufute ujumbe huo, wote, hata wewe uliyeupiga picha.

Tukatembea kwenda kwa bodi. Mita mia tatu ni safari ndefu ukiwa na tabasamu. Mutuma akafika kwanza.

"Bodi ya tano," akasema. "Safi. Haina tundu hata moja."

Karatasi yangu ilikuwa nzima. Ungeweza kuirudisha dukani.

"Bodi ya sita," akaendelea, akiinama pale ilipoanguka. "Haiya! Matundu tisa. Na mguu umevunjika."

Matano yalikuwa katikati, kisahani cha chai kingeyafunika. Manne yalikuwa yametawanyika: moja kwenye kona ya juu, mawili pembeni kabisa, moja chini karibu na ubao. Nikaelewa papo hapo. Kidoa nilichokiona kilikuwa chake. Na mimi nilikuwa nimemshambulia mama mkwe bodi yake mpaka ikavunjika mguu.

Ningesema hivyo, ningekuwa mzembe tu. Uzembe unasameheka. Lakini mdomo wangu ukanitangulia.

"Pole sana, Mama," nikasema. "Nimepiga bodi yako kwa bahati mbaya. Hayo matano ya katikati ndiyo yangu."

Kendi akafumba macho.

Mama hakukasirika. Heri angekasirika. Akanyoosha mkono tu. "Mutuma, lete hiyo penseli."

Akapiga goti. "Bunduki yangu ni ya risasi nene," akasema. "Hiyo ya klabu risasi yake ni nyembamba." Akaingiza penseli kwenye tundu la katikati. Ikapita. La pili, ikapita. Matano yote ikapita. Akahamia kona ya juu. Penseli ikakwama.

"Hii ni yako," akasema.

Akaenda pembeni. Ikakwama. "Na hii ni yako." Tena. "Na hii." Chini. "Na hii." Kama mwalimu anayesahihisha daftari la mtoto mzembe. Alipomaliza akaugusa ule mguu uliovunjika kwa ncha ya kiatu. "Na hii pia ni yako."

Nilitamani ngano inifunike. Masikio yaliwaka moto na ile baridi yote. "Mama, ulikuwa unaona na darubini?"

"Tangu ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja wewe uniambie."

Nikaufunga mdomo kwa kiganja changu mwenyewe. Mimi!

Akasimama, akapangusa goti. "Sikia, kijana. Bunduki nzuri, mtu mzuri, siku haina upepo: mita mia moja, kifuniko cha soda. Mia tatu, kisahani. Hiyo mia sita yako ni sahani ya chakula, na upepo ukikuja," akaonyesha kile kitambaa chekundu, "ni sinia. Mimi kazini, mnyama akiwa mbali ya mia mbili sikupiga. Nilitembea nikamkaribia. Kwa sababu ukijisifu halafu ukose, si wewe unaumia, ni mnyama."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ile karatasi yako ya plastiki. Ulikuwa umepiga karatasi ngapi kabla ya hiyo?"

Nikamtazama Kendi. Nikatazama chini. "Kama ishirini, Mama."

"Ziko wapi?"

"Niliwashia jiko."

Mdomo wake ukacheza kidogo, upande mmoja. "Hilo ni neno la kwanza la kweli nimesikia kutoka kwako," akasema. Akampa Mutuma penseli yake, akaning'iniza bunduki begani, akaanza kurudi. Kendi akamkimbilia. "Mum, sasa wazee?"

Akajibu bila kugeuka. "Waje Jumamosi ingine. Lakini mbuzi watahesabiwa na mtu mwingine."

Saa hii niko Majengo kwa seremala, nangoja mguu mpya wa bodi. Nimeshukuru Mungu, lakini aibu haijashuka hata shingoni. Kendi ametuma ujumbe kwamba mamake amepitia kwa mtu wa fotokopi na ile karatasi ya matundu tisa. Ameitia plastiki. Itakaa sebuleni, ukutani, juu ya redio, na amezungushia manne yangu kalamu nyekundu.

Kwa hivyo nyinyi mtakaonisindikiza Jumamosi, nawaomba kitu kimoja tu. Mkikaribishwa ndani, kila mtu atazame kikombe chake.